Kifuu cha Nyanya

Kupenda ni jambo moja, na kujua kutunza ni jambo la pili. Mtu aweza kujaliwa lile la kwanza tele, akakosa la pili kabisa. Na akilikosa, pendo lake huwa kama kisu mkononi mwa mtoto. Somo hili sikulipata kitabuni, wala katika chuo cha ualimu nilikosomea. Nililipata katika banda la kuku lililo nyuma ya nyumba yangu, katika mwaka wa tatu wa kazi yangu ya kufundisha. Walimu wangu walikuwa vifaranga 12 wa kuchi, na 7 miongoni mwao walilipa karo ya somo hilo kwa uhai wao.

Huenda msomaji wa bara hamjui kuchi, basi na nimweleze. Kuchi ni kuku wa asili ya vita. Ni mrefu wa shingo na mrefu wa miguu. Manyoya yake ni haba na yamebana mwilini. Kifua chake kimeinuka, kishungi chake chekundu ni kidogo, na jicho lake ni kali. Asimamapo, husimama wima kama askari wa gwaride. Jogoo aliyekomaa huweza kufika kilo 3 hivi, ambao ni uzito mkubwa kwa kuku wa kienyeji. Huonekana Lamu, Mombasa, Unguja na Pemba, na hata mbali na bahari, katika sehemu za Tabora na Mwanza huko Tanzania. Wataalamu waliochunguza chembe za urithi za makuchi wa Afrika Mashariki wameona kwamba wana undugu na Shamo, kuku wa vita wa Japani. Mtu wa Pwani hastaajabu kusikia hayo, maana ajua kwamba Bahari ya Hindi ilikuwa njia ya wazee wetu tangu kale.

Zamani wenye makuchi waliwapiganisha mbele ya watu, na wako wanaofanya hivyo kwa siri hata leo. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inalikataza jambo hilo, na mimi nasema inalikataza kwa haki. Lakini kuchi hakuumbwa kwa ajili ya upumbavu wa watu. Nyama yake ni nyingi, umbo lake huwafaa wafugaji watakao kukuza uzao wa kuku wao, na kumtazama akitembea uani wakati wa alasiri ni raha ya macho.

Nyanya yangu alifuga makuchi Matondoni, katika kisiwa cha Lamu. Matondoni ni kijiji cha mafundi wa majahazi, na marehemu babu yangu alikuwa mmoja wao. Nyanya aliwarithi kuku wake kutoka kwa mama yake. Katika utoto wangu nilimwona kila alfajiri akitoka na kifuu cha nazi kilicholainika kwa kushikwa miaka mingi. Kifuu hicho ndicho kilichokuwa kipimo chake. Kuku wakubwa waliwekewa machicha ya nazi na chenga za mchele. Vifaranga walipewa mchwa, aliowatega kwa chungu kibovu kilichojazwa mabua na samadi kavu, akakifudikiza juu ya tundu la mchwa jioni na kukifunua asubuhi. Jioni wote walimwagiwa punje chache za mtama. Koo aliyekuwa akitaga aliongezewa maganda ya chaza yaliyopondwa. Maji yalikuwa ndani ya kigae kizito ambacho kuku hawezi kukipindua, nacho hakikukauka hata siku moja. Mimi niliyaona hayo yote, nikadhani ni mazoea ya wazee tu. Sikujua kwamba nilikuwa nimeketi darasani.

Mwaka ule kideri kiliingia Matondoni. Kuku wa Nyanya hawakuwa wamechanjwa, wakafa mmoja mmoja mpaka akasalia koo mmoja peke yake, pamoja na mayai aliyokuwa amekwisha kuyataga. Akayalalia siku 21, na vifaranga 12 wakatoka. Nilipokwenda kumwamkia Nyanya katika likizo ya mwezi wa Aprili, nilimkuta amekaa barazani, macho yake yamekwisha kufunikwa na ukungu wa uzee, anawasikiliza vifaranga wale wakilia chini ya bawa la mama yao. Nilimshika mkono, nikambusu. Akaniambia:

"Mjukuu wangu, mimi sioni tena, na asiyeona hawezi kupigana na kunguru na mwewe. Hawa ndio mabaki ya kuku wa mama yangu. Wachukue na mama yao, ukawalee. Wakikua, uniletee jogoo mmoja na mitetea wawili, niisikie tena sauti yao uani kabla sijaitwa."

Kisha akapapasa kando yake, akanipa kile kifuu. "Na hiki ndicho kibaba chao," akasema. "Usikizidishe, wala usikipunguze."

Nilikitia mkobani kwa adabu, lakini moyoni nilicheka. Mimi mtu wa cheti, niliyesoma sayansi na kuifundisha, nipimiwe chakula cha kuku kwa kifuu! Nikawatia kuku katika tenga, nikavuka kwa mashua hadi Mokowe, nikapanda basi la Malindi, karibu na shule niliyokuwa nikifundisha. Njiani abiria walilichungulia tenga langu na kuuliza habari zake. Kila aliyeuliza alinipandisha kichwa kidogo. Nilipofika nyumbani, kichwa hicho kilikuwa kimekwisha kuwa kikubwa kuliko tenga.

Nilikuwa na haja yangu ya siri. Mwezi wa Agosti kulikuwa na maonyesho ya kilimo Mombasa, na mimi nilitaka kupeleka pora wa kuchi ambaye kila mtu angesimama kumtazama. Miezi iliyobaki ilikuwa 4 tu, na kuchi hukua polepole. Basi nikaona ni lazima niuharakishe mwili kwa chakula. Nilikuwa nimesoma kwamba protini ndiyo ijengayo nyama, manyoya na damu. Hayo ni kweli. Lakini mimi nikayaongezea hesabu yangu mwenyewe: ikiwa protini kidogo hujenga kidogo, protini nyingi itajenga sana, na ikiwa kuku wa kawaida huhitaji protini, kuku wa vita atahitaji mara mbili. Jinsi gani mtu aliyesoma aweza kutoka kwenye ukweli na kuingia kwenye upuuzi kwa hatua mbili tu!

Nilikwenda dukani. Chakula cha vifaranga kilikuwa kimekwisha, nami sikuwa na subira ya kungoja. Nikanunua chakula cha kuku watagao, nikajiambia kwamba kuku ni kuku. Nikanunua na dagaa waliochemshwa kwa chumvi na kukaushwa, nikawasaga. Nikachanganya kilo kwa kilo. Kifuu cha Nyanya nilikitundika ukutani kama pambo, nikawajazia vifaranga sahani tele asubuhi na jioni. Maji niliwawekea katika kopo dogo alfajiri kabla ya kwenda shuleni. Mara nyingi nilirudi magharibi nikalikuta limepinduka, na ardhi chini yake imekwisha kukauka.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya furaha. Miguu ilirefuka, na mabawa yalianza kuota manyoya. Nikajisifu mbele ya walimu wenzangu wakati wa chai, nikawaambia waje wajionee wenyewe matunda ya elimu. Wiki ya pili vifaranga walianza kuyagombania maji kwa pupa isiyo ya kawaida, na kinyesi chao kilikuwa maji matupu yenye weupe kama chokaa. Wiki ya tatu mmoja alijikunyata pembeni, akafumba macho, akafa. Siku ya pili walikufa wawili. Nikadhani kideri kimenifuata kutoka Lamu. Nikanunua dawa nisiyoijua kwa ugonjwa nisioujua, nikaitia ndani ya yale maji machache. Mpaka mwisho wa wiki vifaranga 7 walikuwa wamekufa.

Jioni ya Jumapili simu yangu ya mkononi ililia. Alikuwa Nyanya, amesaidiwa na mtoto wa jirani kupiga.

"Hujambo, mjukuu wangu? Na vifaranga wangu?"

"Hawajambo, Nyanya. Wazima wote."

Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu kabla sijayafikiri, kama mtu akingavyo uso kwa mkono. Nyanya akafurahi. Akasema, "Basi nipelekee simu karibu nao, niwasikie." Sikuwa na njia ya kukataa. Nikaenda bandani, nikainama, nikaishika simu juu ya wale 5 waliobaki. Walikuwa wakilia kwa sauti hafifu. Nilipoirudisha simu sikioni, Nyanya alikuwa kimya. Kimya hicho kilikuwa kirefu. Kisha akasema kwa upole:

"Sauti ni chache."

"Wengine wamelala, Nyanya," nikajibu.

"Haya, mjukuu wangu," akasema. "Wape maji." Na simu ikakatika.

Usiku ule sikulala. Kuwaua vifaranga kwa ujinga ni kosa, lakini kosa la ujinga lina dawa, nayo ni kujifunza. Kumdanganya mwanamke kipofu aliyeniamini kwa mali ya mama yake lilikuwa kosa jingine, na hilo sikulifanya kwa kutojua. Kulipopambazuka nilikichukua kifaranga cha mwisho kufa, nikakifunga katika karatasi, nikampelekea afisa wa mifugo.

Afisa yule alikipasua kifaranga mbele yangu. Akanionyesha figo zilizovimba na kupauka. Akanionyesha moyo na ini, vilivyofunikwa na unga mweupe kama vumbi la chaki. Nilivishangaa, maana chaki naijua; huishika kila siku. Akaniuliza nilichowalisha. Nikamwambia yote. Alininyamazia kidogo, kisha akasema:

"Mwalimu, kuku hawa hawakufa kwa kideri wala kwa njaa. Wamekufa kwa shibe."

Akanieleza, nami nawaeleza ninyi. Mwili wa kuku huivunja protini aliyoila, ukatwaa kiasi unachohitaji kwa kujengea. Ziada haiwezi kuwekwa akiba kama protini. Huchomwa kama kuni, na taka yake hutolewa na figo, nayo ndiyo ule weupe uonekanao katika kinyesi cha kuku. Taka ikizidi nguvu za figo, na maji ya kuisafisha yakiwa haba, hubaki mwilini na kujipaka juu ya moyo na ini mpaka kuku afe. Chakula cha kuku watagao nacho kina kalisiamu nyingi, sehemu 3 na nusu hivi katika kila 100, kwa ajili ya kutengeneza ganda la yai. Kifaranga hatagi. Yeye huhitaji sehemu 1 hivi tu, na ile iliyozidi huziharibu figo zake changa. Chumvi ya wale dagaa iliongeza kiu, na kopo langu dogo likaumaliza ukatili. Nilikuwa nimeziba milango yote kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikashangaa kwa nini nyumba imejaa moshi.

"Na jina la vita lisikudanganye," akaongeza afisa. "Figo za kuchi ni figo za kuku."

Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilimkumbuka babu yangu na kazi yake. Wahenga walinena, ukiona vyaelea, vimeundwa. Jahazi huundwa kwa mbao, lakini halihitaji mbao tu. Litahitaji misumari, na litahitaji mafundi walioshiba. Ukimletea fundi mbao za majahazi 10 naye anaunda 1, hatalimaliza mapema. Mbao zitauziba uwanja, na mafundi wataiacha kazi yao wabebe mbao kuzitoa njiani, mpaka migongo iwavunjike. Protini ni mbao. Mahindi, mtama na pumba ni wali wa mafundi, maana ndivyo vitiavyo nguvu. Madini na vitamini ni misumari. Figo ndizo wachukuzi wa ziada. Mimi niliumwagia uwanja mbao za majahazi 10, nikawanyima wachukuzi hata maji ya kunywa.

Tangu siku hiyo nilianza kupima. Kifaranga wa kuchi, tangu kuanguliwa hadi wiki 8, hutosheka na chakula chenye protini sehemu 20 hivi katika 100, maana huo ndio wakati wa mifupa na manyoya. Baada ya hapo hupunguziwa kidogo kidogo mpaka sehemu 16. Koo atagaye huhitaji sehemu 16 pia, pamoja na kalisiamu yake. Jogoo aliyekomaa ambaye hana kazi ila kuwika, sehemu 14 zamtosha. Lakini anapobadili manyoya huongezewa tena, kwa kuwa unyoya wenyewe karibu wote ni protini. Ule mchanganyiko wangu wa kwanza niliupigia hesabu baadaye. Chakula cha kuku watagao kilikuwa na sehemu 16 na dagaa 55. Ukichanganya kilo kwa kilo hupata sehemu 35 na nusu. Hesabu hiyo ni ya mtoto wa shule ya msingi. Mimi nilikuwa mwalimu, nisiipige.

Kuchanganya kwa haki si kazi ngumu. Mahindi yaliyoparazwa pamoja na pumba huwa na protini sehemu 9 hivi. Soya iliyokaangwa, mashudu ya alizeti na dagaa waliooshwa chumvi na kukaushwa tena, vikichanganywa sawa kwa sawa, huwa na sehemu 40 hivi. Andika 9 juu na 40 chini, na katikati uandike kiasi ukitakacho, mathalani 20. Tofauti ya 40 na 20 ni 20. Hizo ndizo kilo za nafaka. Tofauti ya 20 na 9 ni 11. Hizo ndizo kilo za vyakula vya kujenga. Jumla ni kilo 31. Ukitaka sehemu 16, nafaka zitakuwa kilo 24 na vya kujenga kilo 7. Ukitaka sehemu 14, zitakuwa 26 kwa 5. Hugeuka mafungu tu. Jumla haigeuki, maana tofauti ya 40 na 9 ni 31 daima. Siku hizi hesabu hiyo naiandika ubaoni, na wanafunzi wanaodai kwamba hesabu haina kazi nje ya darasa hunyamaza.

Lakini wingi si kila kitu. Kuna na namna. Protini hujengwa kwa viungo vidogo vidogo viitwavyo asidi za amino, na kila chakula kina upungufu wake. Mahindi yana lisini kidogo. Soya inayo lisini, lakini methionini yake ni haba. Alizeti na dagaa huijaliza. Ndiyo maana mfugaji mwenye busara haweki tumaini lake lote katika chakula kimoja. Tena soya isitolewe mbichi, kwa kuwa ina vitu vizuiavyo protini isisagwe tumboni; moto ndio uviondoao. Na mahindi yaliyoota ukungu yasiguswe, hata yawe ya bure. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliwaua watu 125 katika nchi yetu, wengi wao katika sehemu za Makueni na Kitui. Kuku nao huharibiwa ini na sumu hiyo hiyo, wala kuichemsha hakuiondoi. Mtu asemaye, "Haya yameoza, wape kuku," ajue kwamba yale aliyowapa kuku yaweza kurudi mezani kwake.

Wale vifaranga 5 walipona. Niliwaondolea shibe yangu, nikawapa chakula chao, na maji katika kigae kizito kama kile cha Nyanya. Nilikitungua kifuu ukutani, nikakipima kwa mizani. Nikaona kwamba kifuu kimoja kilichojaa, asubuhi na jioni, kilikaribia sana kile ambacho afisa alikuwa ameniandikia kwa gramu. Na wale mchwa wa Nyanya, niliowadhani mchezo wa wazee, walikuwa protini safi kwa kadiri ya kifaranga, kwa umri wa kifaranga, bila chumvi na bila gharama. Nyanya hakujua neno protini. Alijua kuku.

Mwezi wa Agosti ukapita, sikwenda Mombasa. Mapora wangu wawili walikuwa bado wembamba, miguu mirefu kama ya korongo, nami nikawaacha wakue kwa saa yao. Kufikia Novemba mmoja wao alikuwa jogoo wa kupendeza sana. Bwana mmoja akanijia, akamtazama kwa macho ya mnunuzi, akanitajia fedha karibu na nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Akasema atamlisha nyama mbichi awe mkali, kisha atamwingiza vitani. Sitasema uongo kwamba sikuzitamani fedha zile. Mwalimu naye ana madeni. Lakini nilikuwa nimekwisha kuuza kitu kimoja kwa tamaa, nikakumbuka kwamba tamaa mbele, mauti nyuma. Nikamwambia jogoo huyu ana mwenyewe.

Katika likizo ya Desemba nilivuka tena kwenda Lamu na tenga langu. Ndani yake mlikuwa na jogoo mmoja na mitetea wawili. Kwangu nilimwacha pora wa pili, mtetea wa tatu na mama yao. Nyanya alikuwa barazani, mahali pale pale. Nilimwamkia, nikaketi chini miguuni pake, nikamwambia yote: dagaa, kopo la maji, maonyesho ya Mombasa, wale 7 niliowazika, na neno la uongo nililomwambia katika simu. Alinisikiliza bila ya kunikatiza. Nilipomaliza alisema:

"Siku ile nilihesabu sauti 5. Miaka hii nawahesabu kwa masikio. Nilijua kwamba wengine hawakulala."

"Mbona hukuniambia, Nyanya?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Baada ya kitambo akaniuliza, "Na ulitaka wakue haraka kwa ajili ya macho ya nani?" Sikuwa na jibu, naye hakunidai jibu. Akaomba aletewe jogoo. Nikamweka mapajani pake. Alimpapasa shingo, kifua, miguu, akahesabu vidole, akagusa kikwaru kinachoanza kuota. Uso wake ulikunjuka. "Ndiye," akasema. "Ndiye yule yule wa mama." Nikampa kile kifuu chake. Akakishika kidogo, kisha akanirudishia. "Hiki ni chako sasa. Mimi nitapata kingine. Nazi ni nyingi."

Swali lile la Nyanya nimerudi nalo darasani. Alikuwapo mwanafunzi mmoja, dhaifu katika somo langu, ambaye mwaka ule nilikuwa nikimrundikia mazoezi ya ziada kila jioni ili mtihani wa shule upendeze. Kadiri nilivyomzidishia ndivyo alivyozidi kunyamaza. Niliporudi kutoka Lamu nilimpunguzia, nikaanza naye kutoka mahali alipokuwa, kama tulivyofundishwa chuoni na kama nilivyosahau. Hakuwa wa kwanza, wala sikumtaka awe wa kwanza. Lakini alianza tena kuinua mkono na kuuliza maswali.

Enyi vijana msomao kurasa hizi, nanyi mtafuga kuku, mtalea watoto, mtaongoza watu. Kila mliyekabidhiwa ana kiasi chake, umri wake na mwendo wake. Mpimieni kwa haja yake, msimpimie kwa haja ya fahari yenu. Na mkikosea, kama nilivyokosea mimi, semeni mapema, kabla kosa moja halijazaa la pili.

Kifuu kimo dirishani mwangu ninapoandika haya. Kimejaa nusu, kwa kuwa kesho asubuhi vifaranga wapya watatimiza wiki 8, na huo ndio wakati wa kuanza kuwapunguzia.